Gitaa la Baba, Freti Tatu Chini

Chaka,
Jumamosi, 8 Februari 2025

Kwa Baba,

Salamu nyingi kutoka Kieni, kwenye vumbi na upepo. Habari ya huko Othaya? Shangazi Waithira anakulisha ama anakuhubiria tu? Sisi huku ni wazima. Mama ni mzima, ng'ombe ni mzima, na mimi ni mzima kuliko hao wawili ukiwaunganisha.

Najua hukutarajia barua kutoka kwa mtu aliyeacha shule kidato cha pili na mwalimu wa Kiswahili akashukuru Mungu. Lakini tangu daktari akutoe koromeo, simu kwako imekuwa ya kusikiliza tu, na mama anasema meseji zako zote shangazi anazisoma kwa sauti hadi majirani wanaitikia amina. Basi chukua karatasi. Mama ataibeba kesho akija na viazi. Na usisahau kwamba mimi ndiye nilipewa jina la baba yako mzazi. Kaa vizuri hapo kwa kiti, mzee Ngatia anaongea.

Maneno ni haya. Moffat wa klabu amekubali nipige Jumamosi ya tarehe nane mwezi wa tatu. Nafasi yako ileile, pale kwa kona. Gitaa moja, ile mashine yako ya ngoma, na sauti yangu ambayo wasichana wa Chaka wanasema ni asali. (Ni msichana mmoja. Alisema si mbaya.) Nikiharibu, Moffat anamleta yule jamaa wa Kagio mwenye kinanda. Huyo akikalia kiti chako, baba, ataota mizizi kama nduma. Hatutamng'oa.

Kwa hivyo nilienda Nyeri kwa Hafiz, nikamwambia nataka nyuzi nene kama zile baba yangu huchukua. Akanitolea bila kuuliza swali. Nikarudi nyumbani, nikatoa zile kuukuu zote sita mara moja, nikapanguza shingo ikang'aa kama kiatu cha mchungaji. Sasa ile briji, pale chini nyuzi zinapokalia, imezama. Imekalia matako kama ng'ombe amekataa kwenda mnadani. Nikafunga uzi mmoja, nikaukaza na funguo kule kichwani, ukakubali. Nikakaza wa pili, wa kwanza ukalegea. Nikakaza wa tatu, hao wawili wakalegea. Nimezunguka hivyo hadi nikaona mimi ndiye nimelegea.

Si ati nimeshindwa. Fundi hashindwi. Nataka tu kusikia maoni ya mtu mwingine.

Ni mimi mwanao, ambaye kwa jina ni baba yako,
Ngatia

*

Othaya,
Jumapili, 9 Februari 2025

Kwa baba yangu mdogo, Ngatia,

Nimekupata. Mama yako anafua nje na mimi naandika haraka kabla hajaondoka.

Umeuliza hali. Niko. Kidonda kimekauka. Kutoka chini ya taya mpaka hapa kwa kifua sisikii kitu. Muuguzi hunigusa na pamba, ananiuliza kama nimesikia, natikisa kichwa, anaandika. Pua nayo imelala, maana hewa siku hizi haipitii huko, inapitia shimo la shingo. Mama yako ameleta mbuzi wa kuchoma kutoka hapo Chaka, shangazi yako akasema nyumba nzima inanukia. Nimemwamini.

Sasa gitaa. Hakuna fundi anayetoa nyuzi zote sita mara moja kwa gitaa la springi. Unatoa mmoja, unaweka mmoja, unaenda kwa unaofuata. Lakini wewe ulizaliwa ukitoka na miguu mbele, hata hilo halinishangazi.

Geuza gitaa chali. Kuna kifuniko cha plastiki mgongoni, fungua skrubu zake. Ndani utaona springi. Hizo zinavuta briji nyuma, na nyuzi zinaivuta mbele. Briji inasimama katikati kama mwanamume mwenye wake wawili, ikinyamaza tu kama pande zote mbili zinavuta sawa. Wewe uliondoa mke mmoja kwa mara moja, huyo mwingine akaichukua.

Chonga kibao kidogo. Kisukumie hapo ndani nyuma ya kile chuma kinachoshikiliwa na springi, mpaka briji isimame sawa na uso wa gitaa. Hapo haitasonga tena. Ndiyo ufunge nyuzi. Kila uzi uuachie ulegevu kidogo ili ujizungushe mara mbili au tatu kwenye mti wa funguo, ukishuka chini, usipandiane. Ukipandiana utateleza kila ukipiga. Halafu uuvute kwa kidole, uukaze tena, uuvute tena, mpaka uchoke kulegea. Uzi mpya ni kama mfanyakazi mpya, lazima umjaribu kabla ya siku yenyewe. Mwishowe utoe kibao.

Ama ulete gitaa hapa. Jumapili ijayo uje na mama yako. Kwangu hiyo ni kazi ya muda mfupi. Mikono yangu haikukatwa.

Baba yako na mtoto wako,
Gicheru

*

Chaka,
Jumamosi, 15 Februari 2025

Kwa Baba,

Shikamoo mara mbili, moja ya wiki hii na moja ya ile mama alisema sikukuandikia ya kutosha. Kidonda bado kimekauka? Muuguzi bado anakugusa na pamba? Muulize kama ameolewa.

Baba, kibao nilichonga. Kutoka kwa mguu wa kile kiti cha jikoni ambacho mama alisema kimevunjika. (Hakikuwa kimevunjika. Sasa kimevunjika.) Nikafanya kila kitu vile umesema, uzi mmoja mmoja, nikizungusha chini chini kama mtu anafunga kilemba. Briji ikasimama sawa. Nikajipigia makofi. Ng'ombe akaniangalia.

Halafu nikagundua kitu ambacho hutapenda. Nilikuwa nimebakisha video ya mwaka jana kwa simu, ile ukipiga kwa Moffat siku ya mvua. Nikafungua kile kipimo cha nyuzi kwa simu, nikakiwekea hiyo video. Baba, gitaa lako lilikuwa nje ya kipimo! Nyuzi zote sita. Zote zimeshuka, na si kidogo, freti tatu nzima. Yaani ukitaka sauti ya uzi mtupu ya kawaida, unabonyeza chuma cha tatu cha shingo ndiyo uipate. Miaka yote hii watu wa Kieni wanakuita mwalimu wa gitaa, kumbe mwalimu hakuwa na rula. Nilicheka hadi mama akatoka nje kuangalia kama nimemwalika mtu.

Kwa hivyo nikakurekebishia. Bure. Nikapandisha zote mpaka simu ikasema sawa, rangi ya kijani. Nikatoa kibao.

Ikainuka. Briji ikainua mkia kama kuku anataka kutaga. Nyuzi zikaenda juu ya shingo, mbali, panya anaweza kupita hapo chini amebeba mahindi. Nikajaribu kubonyeza, vidole vikauma. Nikaongeza uzi wa kwanza kidogo tu, ukakatika pa! ukanichapa shavu. Niko na mstari mwekundu. Nimewaambia watu ni msichana.

Kuhusu kuja Jumapili, ningekuja, lakini kuna jamaa ameniambia nimsaidie kuosha pikipiki. Na gitaa halipendi baridi ya Othaya. Niandikie tu.

Mwanao, baba yako kwa jina,
Ngatia

*

Othaya,
Jumapili, 16 Februari 2025

Kwa baba yangu mdogo,

Nimesoma barua yako. Nilicheka. Siku hizi kicheko hakitoki, mabega ndiyo yanatikisika. Shangazi yako alifikiri nimekabwa, akakimbia na maji.

Gitaa halikuwa nje ya kipimo. Lilikuwa kwa kipimo changu. Kaa chini nikwambie, maana hili sikuwahi kuambia mtu.

Nilipoanza kupiga kwa Moffat, gitaa langu lilikuwa juu, pale simu yako inapotaka. Ule wimbo wangu wa mbuzi aliyekataa kuuzwa, pale mwisho nilikuwa napanda hadi watu wanaacha chupa. Halafu mwaka fulani nikapanda na sauti ikakataa. Nikafikiri ni umri, au ni vumbi, au ni moshi wa nyama. Sikwenda kwa daktari. Nilifanya vile mpigaji hufanya. Nilishusha nyuzi zote freti moja, nikaimba vilevile, vidole palepale, na hakuna mtu aliyejua. Uzi ukishushwa unalegea, unapiga kelele kwa chuma, kwa hivyo nikamwomba Hafiz nyuzi nene kidogo. Mwaka uliofuata sauti ikashuka tena. Nikashusha tena, nikanunua nene zaidi. Kisha mara ya tatu. Kila nikishusha, nililegeza au kukaza springi, nikasogeza vile vidude sita vya briji, kila uzi na kidude chake, mpaka gitaa likubali.

Kwa hivyo ukiangalia hiyo briji, unaona vile koo langu lilikuwa likienda. Daktari aliniuliza hii sauti ilianza kukwaruza lini. Nilimwambia sikumbuki. Ningemletea gitaa angejua mwenyewe.

Wewe umechukua nyuzi nene za mtu wa chini, ukazivuta hadi juu. Zinavuta kama ng'ombe wawili badala ya mmoja, na springi ziko vilevile. Lazima briji iinuke. Una bahati ni shavu, si jicho.

Una njia mbili. Ya kwanza, uzishushe tena freti tatu, kila kitu kitarudi. Ya pili, utoe hizo nyuzi nene, ununue nyembamba, uweke gitaa juu pale sauti yako ilipo. Hiyo ya pili ni kazi, maana lazima ufungue kila kitu nilichofunga. Lakini ndiyo sahihi. Mtu huimba kwanza, halafu anatafuta gitaa liko wapi. Simu haijui sauti yako.

Osha pikipiki vizuri.

Baba yako,
Gicheru

*

Chaka,
Jumamosi, 22 Februari 2025

Kwa Baba,

Habari ya siku, habari ya kidonda, habari ya mabega. Mimi sina mengi, niko tu. Shavu limepona.

Nimechukua ile njia ya kwanza. Nilirudi kwa Hafiz kwa uzi mmoja badala ya ule uliokatika, nikarudisha kibao, nikaufunga, nikashusha zote freti tatu. Nilitumia ile video yako kama kipimo, uzi kwa uzi, nikiipiga na kuisimamisha. Nikatoa kibao, na briji ikalala sawa na uso wa gitaa kama vile haijawahi kufanya vituko. Baba, limerudi palepale ulipoliacha. Ukiingia kesho unaketi tu unapiga. Hata hukazi kitu.

Nikaenda kwa Moffat kumwonyesha. Nikaimba wa mbuzi. Moffat alisikiliza akiwa amekunja mikono, akasema, "Kijana, umepoteza nini?" Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Unaimba kama mtu anatafuta kiatu chini ya kitanda." Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, nikamwambia hiyo ni mtindo wa kisasa. Lakini ni kweli huko chini sina kitu. Mahali wewe unaanza, mimi ndipo naishia. Maneno yanatoka kama hewa.

Sijali. Nitafanya mazoezi nishuke. Sauti hushuka, hata yako ilishuka.

Hapo sikumaanisha vile. Unajua vile nilimaanisha.

Ni hivi. Hilo gitaa ni lako. Mama aliambiwa na mtu hapo sokoni kwamba kuna kimashine unabandika kwa shingo na unaongea. Sasa wakikuwekea hicho, na mimi niwe nimefungua kila kitu chako, utarudi upate gitaa la nani? Kwa hivyo sifungui. Jamaa wa Kagio aje na kinanda chake, atakaa mwezi mmoja miwili, halafu wewe utamtoa.

Kesho sitakuja. Sina sababu wiki hii. Nimetafuta moja nikakosa.

Mwanao,
Ngatia

*

Othaya,
Jumapili, 23 Februari 2025

Kwa Ngatia,

Hicho kimashine kipo. Nilionyeshwa. Kinaongea kama redio imeanguka ndani ya sufuria. Kitanisaidia kuitisha chumvi. Hakiimbi.

Sitaimba tena. Naandika hivi ili usiwe na haja ya kuniuliza, na mimi nisiwe na haja ya kujibu nikikutazama. Daktari alinieleza kabla hajanikata. Nilitia sahihi mwenyewe.

Shangazi yako huniuliza kama nalia usiku. Silii. Anafikiri namficha. Simfichi, hakuna kitu. Ni kama hapa kwa shingo. Najua pamba iko, naiona kwa kioo, lakini haifiki. Labda itafika. Muuguzi anasema wengine hurudiwa na hisia polepole, wengine hapana.

Lakini lile gitaa lililoshushwa linanisumbua. Hilo tu. Nikifikiria liko hapo nyumbani limekazwa kwa ajili ya sauti ambayo wameitupa kwa ndoo, nakosa raha kama mtu aliyeacha mlango wazi. Lifungue, Ngatia.

Fanya hivi. Nunua nyembamba. Mwambie Hafiz ni za kijana. Weka kibao chako, toa uzi mmoja weka mmoja. Imba kwanza bila gitaa, pale unapopenda, halafu ulete gitaa hapo. Ukitoa kibao, tazama briji. Ikiinuka, kuna skrubu mbili ndefu zinazoshika springi kwa ndani, zikaze robo mzunguko, urudie kukaza nyuzi, utazame tena. Ikizama, zilegeze. Usiwe na haraka, kila ukigusa upande mmoja, huo mwingine utajibu.

Halafu vile vidude sita. Piga uzi mtupu, kisha ubonyeze freti ya kumi na mbili upige tena. Zinapaswa kuwa sauti moja, mtoto na mama. Ya juu ikizidi, rudisha kidude nyuma kwa skrubu yake. Ikipungua, kisogeze mbele. Skrubu zangu zitakuwa ngumu. Nilizikaza nikiwa na hasira.

Gicheru, baba yako

*

Othaya,
Jumapili, 2 Machi 2025

Kwa baba yangu mdogo,

Leo mama yako amekuja na viazi na sukuma, karatasi hakuna. Nilipekua kikapu mara mbili. Basi nakuandikia bila kuandikiwa. Mimi sasa ni mtu wa karatasi.

Anasema gitaa liko juu ya meza ya sebuleni wiki nzima, limegeuzwa chali, kifuniko kimetolewa. Anasema unalizunguka ukienda kula, unalizunguka ukitoka. Anasema amenunua nyuzi mwenyewe kwa Hafiz kwa sababu wewe hukuenda. Hajui ni za namna gani, alisema tu ni za kijana, Hafiz akaelewa.

Sijakasirika. Nakumbuka baba yangu alipokufa, yule uliyepewa jina lake, kofia yake ilikaa kwa msumari miaka. Mama alikuwa akipanguza ukuta, anaizunguka. Mwishowe mbuzi aliingia akaila. Tukabaki tumeketi tukitazama msumari, na jioni tukala kama kawaida.

Usingoje mbuzi.

Kama ni mkono wako unakataa kugusa skrubu zangu, nakuelewa, ni sawa. Lete gitaa nizifungue kwa mkono wangu, wewe ushike tochi. Na kama si gitaa unaloogopa kuliona, ni hili shimo, basi ujue hivi. Ni dogo. Nalifunika na kitambaa cheupe ambacho shangazi yako amekishona maua kwa pembe, ati kipendeze. Ninaonekana kama meza ya harusi.

Jumamosi ni siku yako. Sitakwambia neno jingine.

Baba

*

Othaya, hapa kwa duka la chini
Jumapili, 9 Machi 2025

Baba,

Usishangae. Hii naandika nikiwa hapa chini ya nyumba ya shangazi, kwa duka. Karatasi nimenunua hapa, kalamu ni ya mwenye duka na ananiangalia nisiende nayo. Mama amesimama hapa na kikapu, hajapanda bado. Nimemwambia akupe hii. Amenitukana kidogo, lakini amekubali kungoja niandike.

Habari yako. Mimi ni mzima.

Nilianza Jumatano. Skrubu zako zilikuwa ngumu kweli. Nilifikiri nitasikia kitu nikizifungua. Nilikuwa nimejiandaa, nikafunga mlango. Sikusikia kitu. Zilikuwa skrubu tu. Moja, nyingine, nyingine. Nikawa nafungua kama mtu anamenya viazi. Kidude cha uzi wa sita ulikuwa umekirudisha nyuma sana, mpaka mwisho wa njia yake. Nilikitazama hicho muda mrefu kuliko vingine. Halafu nikakisogeza mbele.

Niliimba kwanza vile ulisema, nikiwa nimesimama kwa mlango, ng'ombe ndiye shahidi. Halafu nikaleta gitaa hapo nilipo. Halikufika pale simu inataka, limebaki freti moja chini yake. Kwa hivyo simu imekosa, wewe umekosa, mimi ndiye sawa. Briji iliinuka kidogo, nikakaza, ikazama, nikalegeza. Ijumaa jioni ikalala.

Jana nilipiga.

Nilikuwa nimepanga nikuelezee kwa majigambo. Nilikuwa hata na maneno. Lakini ilikuwa hivi: niliketi pale kwa kona, nikawasha mashine ya ngoma, nikaanza wa mbuzi. Nikapanda pale mwisho. Sauti ikafika. Watu wakainuka, wakashikana viuno, wakawa treni, wakapita mbele yangu, wakatoka kwa mlango mmoja wakaingia kwa mwingine. Moffat akaniletea soda bila kuitishwa. Mzee mmoja akanipiga bega akasema, "Mtoto wa Gicheru, ni kama baba yako tu." Nilingoja mtu aseme gitaa limebadilika. Hakuna. Hata mmoja. Wamekusikiliza miaka yote hiyo na hawakujua ulishuka, na jana hawakujua limepanda. Walicheza tu.

Ndiyo nikakupigia simu. Nilijua huwezi kusema halo. Niliiweka juu ya spika, skrini chini, nikaanza wimbo upya. Nilipomaliza, nikaishika nikasema, "Baba?" Nikakumbuka. Nikakata. Sijui kama ulikuwa unasikiliza ama ni shangazi alishika akafikiri ni fujo za walevi.

Jamaa wa Kagio alikuwa amekuja kutazama. Aliondoka mapema. Hilo ndilo jigambo langu moja, niachie.

Gitaa niko nalo hapa. Limekaa kwa benchi kando yangu. Nilifikiri nitapanda na mama, nikafika hapa kwa duka miguu ikasema wacha tununue karatasi kwanza.

Ngatia, mwanao

*

Othaya, nyumbani kwa shangazi yako
Jumapili, saa hii

Ngatia,

Nilikuwa nimeshika simu mwenyewe. Shangazi yako alitaka kuninyang'anya nikampiga mkono.

Vidole vyangu vilikuwa kwa mkono wa kiti, vikifuata. Havikupotea hata mara moja, maana unashika palepale ninaposhika. Ni sikio tu lilikuwa likishangaa, kama mtu ameingia nyumbani kwake akakuta meza imehamishwa. Baadaye likazoea.

Ulipopanda pale mwisho, nilifungua mdomo nikapanda na wewe. Hakikutoka kitu. Lakini nilikuwa kwa kipimo, nakwambia. Sikuwa nimefika juu hivyo tangu uwe mtoto wa shule.

Uzi wa tatu unazidi kidogo ukienda freti za juu. Ulirudisha kidude chake kidogo mno. Bisibisi ninayo hapa kwa dirisha, na tochi ya shangazi ina betri mpya.

Nakuona kutoka hapa. Mwenye duka anataka kalamu yake.

Mama yako amekumiminia chai, imejaa hadi juu. Mimi siku hizi siwezi kupuliza kitu, pumzi inatokea shingoni. Kwa hivyo yako ni moto bado, na itabidi uje uipulize mwenyewe.

Baba yako